Chumvi ya Jumbe

Muuguzi wa zahanati yetu ni binti wa juzi tu, na kufoka anakujua kuliko kusalimia. Wiki iliyopita alinifunga ule mkanda wa mpira mkononi, akaujaza upepo, akasikiliza, kisha akanikunjia uso kana kwamba nimemwibia kitu.

"Bibi, presha yako ipo juu. Chumvi upunguze. Utembee kila siku. Pombe uache, na dawa hizi usizikatishe hata ukijiona mzima, maana mtu anaweza kukaa na ugonjwa huu miaka asijue kama anao."

Nikamwambia kwamba mimi sitii chumvi katika chakula changu tangu enzi za Mdachi. Hakuniamini. Akauliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuwa na presha, au aliyepooza ghafla. Nikajibu hakuna. Kwa damu ya kwetu hilo ni kweli, na sikuona haja ya kumweleza zaidi mtoto asiyejua hata kusubiri jibu. Lakini nilipofika nyumbani sikupata raha, ndiyo maana naandika.

Mimi ni Mkisi wa mwambao wa ziwa, kule milima inakoshuka mpaka majini na mtu hana pa kulima. Wanaume wetu huvua, wanawake hufinyanga vyungu. Vyungu vinapelekwa bondeni kwa mtumbwi, na mtumbwi hurudi na mpunga, maharage na ndizi. Mama yangu alinifundisha udongo kabla sijaota meno ya pili. Alinifundisha kuusugua kwa kokoto mpaka ung'ae, kuuchoma kwa nyasi kavu bila kuupasua, na kutoacha chumvi ilale katika chungu kizuri. Chumvi hupenya udongo, alisema, hutokea upande wa nje ikakauka kama unga, na chungu kilichoingiwa na chumvi kinajulikana na kila mfinyanzi mwenye macho. Niliyashika yote hayo. Yaliponifaa nilikuwa nimeshachelewa.

Niliolewa bondeni, upande wa Ipinda, kwa watu wa migomba na ng'ombe. Kwao nilikuwa "yule Mkisi", mwanamke wa udongo, na hawakunificha kwamba walitaka kijana wao aoe kwenye zizi kubwa zaidi. Mume wangu alikuwa mpole, mwanafunzi wa misheni, mtu wa kitabu. Alinifundisha kusoma na kuandika, na namshukuru. Zaidi ya hilo sikumbuki siku aliyonisimamia kwa jambo lolote.

Baba mkwe sitaliandika jina lake. Kwao mkamwana halitamki jina hilo, wala neno linalokaribiana nalo. Na wengine nao sitawataja, asije akaonekana mkubwa peke yake. Wenyewe huita kutila: mkamwana hamwoni baba mkwe wala haonwi naye. Ukisikia kikohozi chake njiani unaingia migombani, unachuchumaa, unajifunika nguo kichwani mpaka apite. Huingii nyumbani mwake. Huongei naye, na yeye akiwa na neno nawe hulisema kwa sauti kubwa kumwambia mtu mwingine, ili ulisikie huko uliko. Nilikaa miaka mingi uwanja mmoja na mtu huyo, nikampikia kila siku, na uso wake niliuona mara moja tu, akiwa maiti. Hai nilimjua kwa kikohozi na kwa fimbo yake iliyogonga ardhi.

Wadachi walimfanya jumbe wao. Yeye ndiye aliyewahesabia nyumba za kodi, na walipotaka watu wa kubeba mizigo yeye ndiye aliyesema yupi aende. Kazi hiyo ilimpa tumbo, ng'ombe na woga. Alikuwa na wake wengine wawili mtaa wa pili, lakini tangu apewe ujumbe hakula chakula kisichotoka mkononi mwa mke mkubwa, tena mke huyo akionje kwanza mbele yake. Aliogopa sumu. Alikuwa na sababu za kuogopa.

Mke mkubwa ndiye mama wa mume wangu. Alikuwa mwembamba, mchekeshaji wa chini chini, na ndiye mtu pekee katika uwanja ule ambaye hakuniita Mkisi. Aliniita mwanangu. Macho yake yalikuwa yameanza kumdanganya, alishaungua mkono mara mbili akitafuta sufuria ilipo, kwa hiyo nilipoolewa mimi jiko likawa langu. Nilipika, yeye akabeba. Nilimfinyangia mabakuli mawili kwa kazi hiyo: kubwa la mumewe, lenye nakshi ukingoni, na dogo lake mwenyewe lisilo na kitu. Aliyabeba yote mawili, akala mlangoni baada ya mumewe kuanza, kisha akayaosha mwenyewe kijitoni. Hakutaka mtu mwingine aguse bakuli la jumbe. Nilikuwa nikiyaona jioni tu, yamepangwa moja ndani ya jingine, matupu, na mimi nilichotazama ni kama ni matupu.

Siku moja jumbe alitoka kupokea amri bomani, akapatwa na kizunguzungu njiani, akaletwa amebebwa. Misheni ilimtuma daktari wake Mzungu, akashuka kutoka milimani na sanduku na mkalimani. Mimi nilijibanza jikoni, sikio kwenye ukuta wa mianzi, jicho kwenye ufa usiofika usoni pake. Walimfunga mkono kwa mkanda wa mpira kama huu wa binti wa zahanati, na mkanda ukaungana na mrija wenye zebaki inayopanda. Uwanja wote ulisogea kuitazama zebaki.

"Bwana Daktari anasema damu yako inasukuma kwa nguvu kupita kiasi," mkalimani alisema. "Ikiendelea hivi utakufa upande mmoja wa mwili, au utakufa wote. Chumvi uache kabisa. Nyama na pombe upunguze. Utembee kwa miguu kila asubuhi, usibebwe. Na hasira uache."

"Hayo mengine nimesikia," jumbe akajibu. "Lakini nikiacha hasira, kodi atakusanya nani?"

Wanaume wakacheka. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, ameshika maji ya daktari ya kunawa. Nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, "Na mimi, bwana, kichwa kinaniuma kila nikiamka. Hapa nyuma, shingoni. Na macho yanaona nzi weusi ambao hawapo."

Mkalimani hakuyapeleka maneno hayo kwa Mzungu. Alisema, "Mama, kichwa cha mwanamke kinaumwa na maneno yake mwenyewe." Wakacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza. Mkanda ukakunjwa, ukarudi sandukuni, umbali wa hatua moja na mkono wa yule mama. Na mimi jikoni nilicheka. Lilikuwa jibu zuri, na nilikuwa mjinga.

Kuanzia siku hiyo uhai wa jumbe ulikuwa mikononi mwangu. Mume wangu alinikabidhi kazi hiyo kwa maneno yaliyonyooka kuliko yote aliyowahi kuniambia. "Chumvi ukiitia unamuua. Usipoitia anaishi. Ni baba yangu."

Wakati ule chumvi nyeupe haikuwa kitu cha kila jiko. Wengi wetu tulichoma maganda ya ndizi na matete, tukachuja majivu yake, tukapikia maji yale machungu. Nyeupe ya dukani ilikuwa ya jumbe peke yake, alipewa na boma, na sisi wengine hatukuipikia hata siku za sherehe. Mama mkwe aliipenda kama watoto wanavyopenda asali. Nilipofungua kibuyu cha chumvi alikuwa akilowesha kidole, akagusa ukingo wa kibuyu, akalamba na kufumba macho. "Ndaga, mwanangu," alikuwa akisema, akinishukuru kama vile ni mimi niliyempa. Mimi sikuipenda wala kuichukia, nilikuwa naye tu pale jikoni na ilikuwa raha.

Basi nilimfinyangia jumbe bakuli jipya lenye nakshi ile ile, lisiloingiwa na chumvi, nikampikia mbalaga ya ndizi, maharage na samaki wa ziwani bila chumvi, na kila mchana sauti ilikuja kutoka upande wa pili wa ua. "Umunyu!" Ndiyo chumvi kwa lugha yao. "Mwambieni huyo Mkisi, kwao wanakula matope, sisi tunakula chumvi!" Alipaza sauti ili majirani nao wafaidi. Nilimeza matusi na kuendelea. Kizunguzungu kikamwacha. Fimbo yake nikaisikia asubuhi ikienda mbali na kurudi, maana alitembea kama alivyoambiwa. Naweza kujisifu kwa hilo: mtu aliyenitukana kila siku, mimi ndiye niliyemweka hai.

Kisha vikaja vita vya Mdachi na Mwingereza. Ng'ambo ya mto Songwe kulikuwa na adui, na huku kwetu boma lilitaka wapagazi, tena wapagazi, tena wapagazi. Walioenda na mizigo ya risasi na unga hawakurudi kama walivyoondoka, na wengi hawakurudi. Wanaume walilala porini. Jumbe alitakiwa idadi kamili, na idadi isipotimia kiboko kilikuwa chake.

Siku ya idadi, kaka yangu aliingia uwanjani na mzigo wa vyungu begani.

Alikuwa ametoka kwetu kwa mtumbwi, akatembea kutoka ufukweni na vyungu vya mama yetu vilivyofungwa kwa nyasi, aniletee na kubadilisha mpunga. Hakujua kitu. Askari walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri, na mtu mmoja alikuwa hajatimia. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia kikohozi, nikasikia fimbo, nikasikia baba mkwe wangu akisema kwa utulivu kabisa, "Huyu hapa. Ana mabega, mmeona wenyewe."

"Mimi si wa hapa," kaka yangu akasema. "Mimi ni shemeji wa mwanao."

"Ndiyo maana," jumbe akasema.

Nilitaka kutoka. Nilifika mlangoni. Lakini yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja, na mwili wangu ulishazoea: nikachuchumaa, nikajifunika nguo kichwani. Nimejitukana kwa hilo miaka yote. Kaka yangu alifungwa kamba hatua chache kutoka nilipojikunyata, na mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu kwa heshima ya mtu anayemfunga. Vyungu viliwekwa chini, kimoja kikavunjika. Aliyetoka na kibuyu cha maji akamnywesha mbele ya askari ni mama mkwe. Walimsukuma, maji yakamwagika, akarudi kujaza akamnywesha tena.

Niseme sasa hivi kwamba kaka yangu alirudi, msije mkamlilia bure. Waingereza walipokuwa wameshaingia alitokea nyumbani kwa mama, bega moja limeshuka, akaomba samaki. Alizaa watoto baada ya hapo. Lakini mimi sikuyajua hayo, na kwangu mimi alikuwa amekufa tangu siku ile.

Malipo ya jumbe yalifika siku ya tatu. Kifuko cha chumvi nyeupe. Mama mkwe alikileta jikoni akakiweka chini mbali na moto, na mara hii hakulowesha kidole. Jioni nilimwambia mume wangu, "Baba yako amemuuza kaka yangu kwa chumvi." Akasema, "Nyamaza. Ni baba yangu."

Kesho yake nilipika maharage. Nilipakua bakuli dogo la mama mkwe, bila chumvi kama siku zote. Kisha nikapakua bakuli kubwa, nikafungua kile kifuko, nikatia chumvi kwa vidole, nikakoroga. Niliona raha, na raha yenyewe ilikuwa safi. Daktari mwenyewe alikuwa amenifundisha njia: hakuna sumu ya kuonjwa ikamuua mwonjaji, hakuna mganga wa kupiga ramli akanikamata. Mzee angekula alichokuwa akikililia, akifurahi, na siku moja damu yake ingefanya kazi iliyobaki.

Mchana ukafika. Nikatega sikio nisikie akishukuru.

"Umunyu!" sauti ikapaa kutoka ng'ambo ya ua. "Chumvi imekuja mfuko mzima, na huyo Mkisi bado ananilisha majani!"

Nikacheka peke yangu. Ulimi wa mlafi, nikasema, hautoshelezwi. Siku iliyofuata nikaongeza. Akalalamika. Nikaacha vidole, nikatia kwa kiganja. Akalalamika vile vile, na kila alipolalamika mimi niliongeza, na nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba anajichimbia kaburi kwa mdomo wake mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa anaonja, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kwa hiyo alijua tangu tonge la kwanza. Siku ya nne au ya tano alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda.

"Mwanangu, mkono wako umekuwa mzito."

"Kama chumvi imekuzidi, mama, onja kidogo."

Alikuwa amejifunga ukanda wa gome la mgomba kichwani, kama alivyofanya kichwa kikimwuma. "Kaka yako atarudi," akasema.

"Akirudi nitapunguza."

Hakubisha. Hakunitishia kumwambia mwanawe wala mumewe. Angesema neno moja tu ningepigwa viboko na askari, au kunyweshwa mwafi mbele ya watu ili tumbo langu liseme kama mimi ni mchawi. Alishika magoti yake akainuka kwa shida, akachukua mabakuli mawili, akaenda. Nilimtazama mgongo nikaona kwamba amenikubalia. Nilidhani naye anataka afe yule mzee, kwa ajili ya mambo yake mwenyewe ya miaka mingi. Nilifurahi kuwa na mwenzangu.

Baada ya hapo alianza kuharibika. Miguu ilimvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Asubuhi pua ilimtoka damu, akaiziba kwa majani. Aliniambia masikio yanavuma kama ziwa wakati wa upepo wa kusini. Nilimwambia apumzike, lakini nilisema huku nakoroga, na sikumtazama usoni. Ishara zote hizo nilimsikia wiki iliyopita yule binti wa zahanati akiniuliza moja moja, kichwa, macho, pua, miguu, masikio. Nilikuwa nazo mbele yangu kila siku. Lakini sikio langu lilikuwa ng'ambo ya ua, likisubiri kusikia mwanamume akianguka.

Aliyeanguka nilimsikia. Ilikuwa mchana, baada ya mvua, mama mkwe alikuwa anavuka uwanja na mabakuli. Bakuli kubwa halikuvunjika, lilibingirika. Nilikimbia nje, na nilikuwa nimeshamwona amelala ubavu, mkono mmoja ukipapasa tope, pale fimbo ilipogonga na kikohozi kikatoka mlangoni. Jumbe alikuwa amekuja kuona chakula kimechelewa nini.

Nikaingia migombani. Ndiyo, tena. Nikachuchumaa nikajifunika.

"Inuka, mwanamke," nilimsikia akisema. Kisha, "Unanicheka?" kwa sababu mdomo wa mkewe ulikuwa umekwenda upande. Kisha akaita watu, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ya mzee. Watu walichelewa kuja, maana walimchukia. Muda wote huo mama mkwe alilala kwenye maji ya mvua kati yetu sisi wawili, mmoja asiyejua la kufanya na mwingine asiyeruhusiwa.

Aliishi siku chache, na mpaka matanga yakaisha jumbe alipikiwa na mke wa pili, naye bila chumvi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, maneno yalikuwa yamekwenda. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimtilia uji kwenye upande wa mdomo uliobaki. Kwa mkono wa kushoto alikuwa akifanya jambo moja tu, alisugua kidole gumba juu ya vidole viwili, taratibu, akinitazama. Wanawake wa mtaa walisema anataka ugoro. Wakamletea, akageuza uso. Mimi nilijua ni mkono wa mtu anayenyunyiza chumvi, na nilidhani ananishitaki. Nikamshika ule mkono nikaukandamiza chini ya nguo mpaka ukaacha.

Alizikwa, wanaume wakacheza ngoma ya msiba na mikuki kama ilivyo desturi yao, na ng'ombe wakachinjwa. Watu walisema ni pumzi za wanakijiji, kwamba ndugu wa waliopelekwa upagazi wamemnung'unikia jumbe na ubaridi wa manung'uniko yao umempata mkewe. Jumbe mwenyewe aliamini hivyo. Kwenye chungu cha kupikia hakuna aliyetazama.

Matanga yalipokwisha ilikuwa zamu yangu kuosha mabakuli, kwa sababu mwenye kuyaosha hayupo. Niliyapeleka kijitoni, nikayaosha, nikayapanga juani yakauke, kisha nikayageuza.

Bakuli kubwa lenye nakshi lilikuwa jekundu na safi, kama siku niliyolitoa motoni. Bakuli dogo lilikuwa jeupe. Unga ulikuwa umetoka kwenye udongo kuzunguka kiuno chake, mnene, na ukingo umeanza kumeguka. Nilipangusa kwa kidole nikalamba, na ilikuwa chumvi. Nikalipangusa lile kubwa, nikalamba, na ilikuwa udongo mtupu. Nilikaa kwenye maji na nguo zangu.

Alikuwa akionja tonge moja mbele ya mumewe kutoka katika chakula kile alichokwisha kukibadilisha njiani. Cha bakuli kubwa alikihamishia katika dogo, cha dogo katika kubwa, kila siku tangu ile ya kwanza, alipokionja kwa kidole kabla hajafika kwa mumewe, kwa macho yale mabovu. Mume akala chakula kisicho na chumvi akatukana, na mke akakaa mlangoni akala chumvi ya kaka yangu. Kukimwaga hakuweza. Mtu aliyechuja majivu maisha yake yote hamwagi chumvi nyeupe. Pengine aliniokoa nisiue mtu. Pengine alikuwa anaipenda tu, na hakuna aliyewahi kumpa. Sijui ni lipi linaloniuma zaidi. Najua kwamba mkono wake kitandani ulikuwa unaniambia niache, kwa sababu kesho atakuwa hayupo wa kubadilisha.

Jumbe alizeeka. Waingereza walimvua ujumbe, akaendelea kutembea asubuhi na fimbo yake mpaka nyusi zikawa nyeupe. Mke wake alikuwa amemtunza vizuri.

Siku ile ya mabakuli nilijiambia pengine nimekosea, udongo nao hudanganya. Nikarudi jikoni nikapika mbalaga na samaki, na sikutia hata chembe ya chumvi. Nikapakua bakuli kubwa. Mke wa pili alikuwa amehamia kumhudumia mzee, akalibeba. Nikasimama nyuma ya ua, nikasikia akionja, nikasikia mzee akitafuna, na nikasubiri aseme kwamba leo ladha imebadilika.

"Hata msiba haukumfunza," jumbe akasema. "Chakula ni kile kile cha siku zote. Tangu yule daktari anifunge mkono sijaonja chumvi katika nyumba hii."

Nikachuchumaa palepale nikajifunika nguo kichwani, na hakuna aliyekuwa akipita.